Nani ametia sahihi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sanaa na ugonjwa wa nafsi zilizogawanyika

Kila tunapotundika picha ukutani kwenye maonyesho yetu kuhusu ugonjwa huu, maswali huwa yale yale. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine hunong'onwa mlangoni mtu akiwa ameshavaa viatu vyake. Nimeyakusanya hapa ili tusirudie kila mara. Anayejibu ni mwalimu wa kuchora wa Mombasa, si daktari. Palipohitaji udaktari nimesomewa na muuguzi wa afya ya akili tunayefanya naye kazi, na amenikata kalamu mahali pengi. Watu ninaowataja bila majina nimewabadilisha kiasi cha kutosha wasitambulike.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Ni hali ambayo ndani ya mtu mmoja mna nafsi mbili au zaidi zinazopokezana kushika usukani. Kila nafsi yaweza kuwa na jina lake, umri wake, mwandiko wake, hata chakula inachokipenda na kile isichokigusa. Kati ya zamu na zamu kunabaki mapengo ya kumbukumbu. Sisemi usahaulifu wa kuacha funguo. Mtu anakuta kilo mbili za sukari jikoni na risiti ya duka mfukoni, tarehe ya leo, na hana habari kwamba alitoka nje.

Kujitenga kwa fahamu kwa kiasi kidogo sote tunakujua. Unapanda matatu Mtwapa, mawazo yanakuchukua, unashtukia mko Nyali na hukumbuki mmepita Bamburi saa ngapi. Mwenye ugonjwa huu, Bamburi yake yaweza kuwa mwaka mzima wa shule.

Wataalamu wengi wanauhusisha na mateso makali yaliyorudiwarudiwa katika miaka ya mwanzo ya utoto, mara nyingi mikononi mwa mtu ambaye mtoto huyo huyo anamtegemea kwa chakula na malazi. Mtoto hana pa kukimbilia, basi akili inamkimbiza kwa ndani. Na si kitu adimu kama watu wanavyodhani: utafiti mmoja mdogo wa jamii nchini Marekani, unaotajwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa huko, ulipata takriban asilimia 1.5 ya watu wazima.

Kwa Kiswahili mnauitaje?

Hakuna jina moja lililokubalika, na hilo lenyewe ni sehemu ya kazi. Wengi husema "nafsi nyingi". Ndilo jina la zamani: mwongozo wa Marekani wa mwaka 1980 uliuita hivyo, kisha mwaka 1994 jina likabadilishwa, kwa hoja kwamba shida ya mgonjwa si kuwa na watu wengi ndani, shida ni kutokuwa na mmoja aliyetimia. Hapa tunasema nafsi zilizogawanyika, na kwenye vibandiko vya picha tunaongeza DID (kifupi cha jina la Kiingereza, dissociative identity disorder), kwa sababu ndizo herufi ambazo mtu ataziona kwenye karatasi ya hospitali. Silipendi sana neno "zilizogawanyika", na sababu utaiona mbele kidogo kwenye swali la kioo. Mwenye neno bora aje nalo.

Si ndiyo skizofrenia hiyo?

La. Skizofrenia ni ugonjwa mwingine, una dalili zake na dawa zake. Kwa nafsi zilizogawanyika hakuna kidonge cha ugonjwa wenyewe. Dawa hutolewa kwa yale yanayofuatana nao, kama sonona na kukosa usingizi, na tiba kuu ni mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu.

Kwa nini picha? Si mngetoa semina tu?

Semina tumetoa. Watu wanakuja, wanakunywa soda, wanauliza kama inaambukiza, wanaondoka.

Picha ina jambo ambalo hotuba haina: inaweza kumwonyesha mtu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Ukimsikiliza mgonjwa anaongea, unamsikia aliyeko mbele saa hiyo tu. Ukitundika michoro kumi ya mkono mmoja, kila miwili ikiwa na mtindo wake usiofanana na mingine, mtazamaji anaelewa kabla hujafungua mdomo. Kuna na hili: nafsi nyingi ndani ya watu hawa ni za watoto, na zipo zisizosema kabisa. Mtoto asiyesema anaweza kushika krayoni.

Kwa mgonjwa mwenyewe faida ni ya namna nyingine. Anaamka asubuhi, anakuta picha mezani ambayo rangi yake haijakauka. Hajui aliyeichora, ila sasa anajua kwamba yupo. Tumemwona mmoja akiacha karatasi tupu na penseli juu ya meza kila usiku, kama mtu anayemwekea mgeni wa usiku kipande cha mkate. Baada ya wiki tatu alijibiwa: nyumba isiyo na mlango, imechorwa kwa mkono wa kushoto. Yeye ni wa kulia.

Huyo Kim Noble mnayemtaja kila siku ni nani?

Ni mchoraji wa Uingereza, na kama ungeniruhusu mfano mmoja tu katika ukurasa huu, ningemchukua yeye.

Tangu akiwa na miaka 14 alikaa takriban miaka 20 akiingia na kutoka hospitalini, mara kaambiwa ana hiki, mara kile. Mwaka 1995 ndipo alipopewa jina la ugonjwa wake na kuanza tiba iliyouelekea. Kuchora alianza mwaka 2004, baada ya kukaa muda mfupi na mtaalamu wa tiba ya sanaa. Hakuwa amesomea sanaa popote. Na aliyeanza si Kim peke yake: zaidi ya nafsi kumi ndani yake zilishika brashi, kila moja kwa wakati wake, na kila moja ikatia jina lake.

Ukiziona picha hizo pamoja utaapa ni maonyesho ya kikundi. Patricia, ambaye ndiye hushughulika zaidi na maisha ya kila siku, huchora jangwa lenye upweke, upeo mrefu usio na mtu. Bonny huchora watu wanaocheza, wamekakamaa kama mashine. Suzy anarudi tena na tena kwa mama aliyepiga magoti. Judy anataka kanvasi kubwa. Na Ria Pratt anachora watoto wakitendewa mambo ambayo mtu mzima hupata tabu kuyatazama, kwa mistari myepesi kama ya daftari la shule. Kim ameeleza wazi kwamba hana kumbukumbu ya mateso hayo. Anayejua ni Ria, na Ria hakuandika barua wala hakwenda polisi, amechora.

Mwaka 2010 alihojiwa na Oprah Winfrey, mwaka uliofuata akatoa kitabu cha maisha yake, na picha zimeonyeshwa mahali pengi. Ninalolipenda mimi, kama mwalimu, ni dogo zaidi: kona ya chini ya kila picha. Kwamba katika maonyesho yake picha ya Bonny ni ya Bonny na ya Ria ni ya Ria. Hakuna aliyezikusanya zote akaandika chini yake "mgonjwa". Sisi tumeiga hapo. Kila anayetuletea kazi tunamuuliza kwanza: hii imetiwa sahihi na nani? Na kama jibu ni "sijui", kibandiko kinaandikwa "Hajajitaja".

Kwa nini hampokei picha za kioo kilichopasuka?

Kwa sababu tulizipokea mwaka wa kwanza, tukajuta.

Tuliwaomba wanafunzi wa sanaa watuchoree kuhusu ugonjwa huu. Wengi wao hawajawahi kukutana na mwenye nao. Tukapata kazi 31, na karibu zote zilikuwa ni uso uliopasuka vipande, nusu analia nusu anacheka, macho mekundu, kisu kimoja au viwili. Zilikuwa picha nzuri kwa ufundi, siwalaumu vijana. Ndicho walichokiona kwenye filamu. Siku ya pili akaja mama mmoja wa makamo, buibui jeusi, mkoba wa kikapu. Alizizunguka zote taratibu, akanijia, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu mnayemwogopa hivi ndiye mimi?" Sikuwa na jibu. Nilimletea kiti na maji.

Nilichojifunza kwake, baadaye sana, ni kwamba kioo kina kosa la pili mbali na kutisha. Kioo kilichopasuka kilikuwa kizima kwanza. Wataalamu wengi leo wanaeleza kinyume chake: mtoto mchanga hazaliwi na nafsi moja iliyotimia, huwa na hali mbalimbali zinazoungana polepole anapokua akilelewa vizuri, na mateso ndiyo yanayozuia huko kuungana. Kwa hiyo hakuna kilichovunjika. Kuna kisichoshonwa.

Mama huyo ni msusi wa mikeka ya miyaa. Mwaka uliofuata alileta kazi yake: mizunguko saba ya ukili, yaani mkanda wa miyaa uliosukwa, kila mmoja na rangi yake na msuko wake, imetundikwa kwenye misumari saba, haijashonwa kuwa mkeka. Katika mzunguko wa saba alichomeka shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, na kuiacha hapo hapo na uzi wake. Watu walisimama mbele yake kuliko mbele ya picha yoyote. Na kila mmoja aliuliza lile lile: "Sasa utaushona lini?" Bibi mmoja alimsisitiza kweli kweli, akijitolea hata kumsaidia. Akamjibu, "Bibi, shikamoo. Nyote mwauliza lini. Hakuna aloziuliza hizi kili kama zataka kushonwa."

Jibu hilo lina uzito kitabibu pia. Tiba ina hatua zake: kwanza usalama na utulivu, kisha kuzikabili kumbukumbu, kisha kuungana. Lakini si kila mtu hufika au hutaka kufika kwenye kuungana kamili. Wapo wanaoishi vyema kwa nafsi zao kuelewana, kama jamaa waliogawana nyumba.

Filamu si zimesaidia watu kuujua?

Zimewafanya watu waujue jina. Nitakusimulia ya Chris Costner Sizemore, Mmarekani, kwa sababu inahusu sahihi.

Miaka ya 1950 madaktari wake wawili, Corbett Thigpen na Hervey Cleckley, waliandika kitabu juu yake wakampa jina la Eve. Mwaka 1957 ikatoka filamu, The Three Faces of Eve, na mwigizaji wake Joanne Woodward akashinda Oscar. Katika filamu ana nafsi tatu na mwisho anapona. Katika maisha alikuwa na zaidi ya ishirini, na alihangaika mpaka miaka ya 1970. Dunia nzima ilijua Eve amepona, huku mwenyewe akiwa nyumbani kwake bado anapokezana zamu. Mwaka 1975 ndipo alipojitokeza hadharani kusema Eve ni mimi, na miaka miwili baadaye akaandika kitabu chake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliishtaki kampuni ya filamu kuhusu haki ya hadithi ya maisha yake, kwa mkataba wa mwaka 1956. Mkataba huo ulipotazamwa ukakutwa na sahihi nne: jina lake halisi, kisha Eve White, Eve Black, na Jane. Waliokuwa na haja ya kuimiliki hadithi yake walihakikisha kila nafsi imetia mkono. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwaka ule ule ambao watu walibishana kama nafsi hizo ni za kweli, palipokuwa na pesa ziliaminika vya kutosha kutia sahihi.

Sizemore alikuwa mchoraji pia. Alichora miaka mingi, akazunguka akizungumza kuhusu afya ya akili mpaka uzee wake, na akafariki mwaka 2016. Jambo moja zaidi kumhusu, maana huulizwa sana: yeye hakusimulia kuteswa na wazazi. Alisimulia kwamba akiwa mtoto mdogo sana alishuhudia vifo viwili na ajali mbaya katika muda wa miezi michache. Kwa hiyo usione mwenye ugonjwa huu ukaanza kumtazama babake kwa jicho la pembeni.

Wengine wanasema ni uigizaji mtupu.

Wanasema, na wengine wao ni wasomi. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba dalili hizi hujengwa na matarajio ya jamii, filamu, na tiba mbaya inayomtia mgonjwa maneno kinywani. Mfano wao mkubwa ni Shirley Mason, mwalimu wa sanaa na mchoraji, aliyejulikana kwa jina la kubuni la Sybil katika kitabu cha mwaka 1973 kilichouzwa mamilioni ya nakala. Mwaka 1958 alikuwa amemwandikia daktari wake barua akisema nafsi hizo hazipo, ametunga. Daktari akaichukulia barua hiyo kuwa ni kuikwepa tiba, na mambo yakaendelea. Siwezi kuipamba hadithi hiyo.

Upande wa pili kuna vipimo. Mwaka 2012 watafiti barani Ulaya waliwalinganisha wagonjwa na watu wazima wenye afya waliofunzwa kuigiza kubadilika nafsi. Waliangalia mapigo ya moyo, shinikizo la damu na mtiririko wa damu kwenye ubongo, na waigizaji hawakuweza kuwafanana wagonjwa.

Msimamo wangu mimi ni wa ukutani. Sijaitwa kuwa hakimu. Mtu akiniletea picha simdai cheti. Ila simruhusu mtu yeyote, awe daktari, mchungaji, sheikhe au mimi mwenyewe, asimame nyuma ya mchoraji akimwambia "sasa mchore yule mdogo anayelia". Hapo ndipo uigizaji unapozaliwa.

Huku kwetu si ndiyo kupandisha pepo?

Swali hili ni la kila maonyesho, na anayeliuliza hastahili kuchekwa. Pwani yetu ina elimu ndefu ya mtu mmoja kusema kwa sauti ya mwingine. Unguja utasikia pepo wa ruhani, wa rubamba, wa kibuki. Kila kabila la pepo na harufu yake, nguo zake, ngoma yake, kinywaji chake. Anayepandwa huitwa kiti. Pepo akishuka, kiti mara nyingi hakumbuki alichokisema. Mtu akisikia hayo kisha akasikia habari za Kim Noble, ataachaje kufananisha?

Vitabu vya madaktari vyenyewe vimelitambua. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unasema kwamba katika baadhi ya jamii nafsi hizi huelezwa kama kupagawa, na unaonya pia kwamba kinachofanyika ndani ya mila au dini inayokubalika hakihesabiwi ugonjwa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeupa upagawaji unaomtesa mtu fungu lake peke yake.

Tofauti ninazoziona mimi, baada ya kukaa na pande zote mbili, ni hizi. Pepo huja kutoka nje, na kwa kawaida ana wito, siku, na watu wa kumpokea. Kiti ana fundi wake, yaani mganga wake, na wenzake. Ngoma ikiisha anarudi kwake kupika. Hizi nafsi hazikuja kutoka popote, zimekulia humo humo. Hazingoji ngoma. Zinaweza kuja sokoni, darasani, kwenye foleni ya benki, na mwenyewe yuko peke yake nazo kwa aibu. Pepo wa babu husemwa kwa majina na ukoo wote unamjua. Nafsi ya mtoto wa miaka sita aliyefichwa kabatini haijulikani hata na mwenye mwili.

Kinachonisumbua ni kupunga kwa nguvu: mtu kufungwa, kuchapwa, kunyimwa chakula ili "kitoke". Kwa aliyefanywa hivyo na kitu kama hicho utotoni, unamrudisha palepale palipomtenga.

Na kwa wachoraji: tafadhali msituletee mashetani. Wamakonde walipoanza kuchonga mashetani yao Dar es Salaam miaka ya 1950 walikuwa na ulimwengu wao na ucheshi wao, hawakuwa wakichonga wagonjwa. Ukiuweka mchongo huo chini ya kibandiko cha DID umewatukana wote wawili.

Mimi sina ugonjwa huu. Ninaruhusiwa kuchora kuuhusu?

Ndiyo, ila chora ulichokiona wewe. Chora kusubiri. Mume wa mmoja wao alituletea michoro ya penseli ya meza yao ya chakula, asubuhi baada ya asubuhi: siku chai ya rangi, siku maziwa na sukari nne, siku kikombe kimepinduliwa hakikuguswa. Hakumchora mkewe hata mara moja. Ni kati ya kazi bora tulizowahi kutundika.

Mtaalamu anaweza kumgundua mgonjwa kwa kuangalia michoro yake?

Hapana. Mitindo kubadilika si kipimo. Mimi nabadilika kila nikipata karatasi ya bei nafuu. Kugundua kunahitaji mahojiano marefu na mtu aliyesomea.

Ninao ugonjwa huu na nataka kuonyesha kazi zangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kutoonyesha. Chora kwa muda bila kumwambia mtu, ikiwezekana ukiwa na mshauri au muuguzi anayekujua, kwa sababu picha huweza kufungua mlango usiokuwa tayari kuufunga. Chombo kinachotusaidia ni sanduku: katoni ya viatu yenye kifuniko, iliyopakwa rangi na mwenyewe. Picha iliyozidi uzito inaingia humo, kifuniko kinafungwa, inabaki kwa mshauri mpaka kikao kijacho. Usicheke. Kifuniko kinafanya kazi.

Ukiamua kuonyesha, tunakaa mezani na fomu. Hapa sahihi inarudi. Wewe uliyekuja leo umekubali, je, wengine? Tunakupa fomu uende nayo nyumbani kwa wiki mbili, uiache pale ambapo wote wataiona. Imewahi kurudi ikiwa na majina matatu ya kukubali na moja, kwa krayoni ya kijani, HAPANA. Picha ya huyo wa kijani hatukuitundika, ingawa aliyekuja nayo alikuwa akiililia. Tukikosea tungekuwa tunarudia jambo lile lile alilofanyiwa utotoni: mwili wake kuamuliwa na aliye na nguvu zaidi.

Fikiria pia jina. Picha ikishapigwa kwa simu na kusambaa haikusanyiki tena. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na mtu hapaswi kuzitangaza bila ridhaa yako, ila sheria haimzuii shangazi kukutambua kwa mwandiko. Wengi wetu hutumia jina la kuazima.

Picha zinazoonyesha watoto wakiteswa mnazitundika?

Tunazo, haziko ukutani. Ziko chumba cha nyuma, zimefunikwa kitambaa, na anayetaka kuona anaelezwa kwanza ni nini, kisha anainua kitambaa mwenyewe. Watoto hawaingii. Na mtoto yeyote akituambia kwamba jambo kama hilo linamtokea sasa hivi, hapo hakuna sanaa tena: tunapiga 116, namba ya simu ya watoto, hailipishwi, Kenya na Tanzania.

Kuna siku maalumu?

Tarehe 5 Machi huadhimishwa na wenye ugonjwa huu wenyewe, hasa Marekani na Uingereza. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Sisi hufungua Machi, kwa sababu Oktoba kila ofisi ina hema na fulana.

Mchoraji akibadilika mbele ya wageni, nifanye nini?

Kwanza, weka simu yako mfukoni. Pili, jitambulishe upya, kwa utulivu, maana huenda hamjawahi kuonana: "Naitwa fulani, tuko kwenye maonyesho ya picha, leo ni Jumamosi, uko salama." Usimwite jina ulilolijua dakika tano nyuma, na usimwombe "arudi". Akiwa na umri wa mtoto ongea naye kama na mtoto, bila kumshika. Mtafute aliyekuja naye. Basi. Sisi huweka mkeka na birika la maji pembeni, nyuma ya pazia, na anayetaka kukaa hukaa.

Picha zinauzwa? Pesa anachukua nani?

Zinauzwa mchoraji akitaka, na pesa zote ni zake. Sisi hatukati asilimia. Bei anapanga aliyetia sahihi. Hilo huwachanganya wanunuzi, na mwaka jana lilituletea kioja. Jamaa mmoja wa Nyali alitaka ule mzunguko mwekundu wa ukili, peke yake, autundike sebuleni. Akamfuata yule mama na noti mkononi. Mama akaziangalia noti, akauangalia ukili, akatikisa kichwa. "Huo si wangu," akasema. "Mwenyewe hayupo leo. Njoo Alhamisi ujaribu."

Alirudi Alhamisi. Mwenyewe alikuwepo, na bei ilikuwa imepanda shilingi 300.